Kutengana si kuachana

Juzi nimemsikia tena mtangazaji akisema wanandoa fulani "wametengana", na kabla hajavuta pumzi akaongeza "tangu talaka hiyo". Talaka ipi? Waliotengana wanaishi mbalimbali, basi. Walioachana ndio waliokata ndoa.

Hebu tuyatazame maneno yenyewe, maana yanajieleza. Kutenga ni kuweka kando, na kinachowekwa kando hakijapoteza mwenyewe. Ng'ombe mgonjwa hutengwa na wenzake asiwaambukize. Akipona hurudi zizini. Fedha zikitengwa kwa ajili ya barabara, bado zimo kwenye hesabu. Hata mtu aliyetengwa na ukoo wake, uchungu wake wote unatokana na kwamba bado ni wa ukoo huo.

Kuacha ni mkono kufunguka. Ukiiacha kamba ya ndoo kisimani, ndoo imekwenda. Nalo neno talaka tumelichukua kwenye Kiarabu, na mzizi wake huko una maana ya kufungua na kuachilia. Ndiyo sababu aliyepewa talaka tunasema ameachwa, wala hatusemi ametengwa.

Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 nayo inatofautisha. Mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana, na wenye amri hiyo mkononi wanabaki mume na mke. Tena, kutengana kwa hiari kukidumu angalau miaka 3, mahakama inaweza kukuchukua kama ushahidi kwamba ndoa imevunjika. Kama kutengana kungekuwa ndiyo talaka, hiyo miaka 3 ingehesabiwa ya nini?

Nakubali kwamba kuachana kuna matumizi mapana. "Tuliachana njia panda" ni kila mtu kushika njia yake tu, na kesho mtaonana. Halafu kuna "achana na", ambayo licha ya ile -ana ya kutendana, mtendaji ni mmoja: aliyeachana na sigara, sigara haikumwacha yeye. Lakini ukisema mume na mke wameachana, bila neno jingine, kila msikilizaji anaelewa ndoa imekwisha.

Shangazi yangu alikaa kwao miaka kadhaa, mumewe akiwa mji mwingine. Watu wakamwita mtalaka mbele ya watoto wake. Kila mara alijibu neno moja, taratibu, huku akiendelea kusuka ukili wake: "Tumetengana, hatujaachana." Baadaye walirudiana, na haikuhitajika ndoa mpya, kwa kuwa ya kwanza haikuwa imevunjwa.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, kabla ya kusoma habari ya namna hiyo, uliza kwanza kama talaka imetoka. Kama imetoka, sema wameachana. Kama haijatoka, sema wametengana, na hiyo talaka usiitaje.