Kiwanda cha ghorofa ni nini? Jengo la Asch, New York

Kiwanda cha ghorofa ni jengo refu la mjini ambalo kila sakafu yake ni ukumbi mmoja mpana, usiogawanywa vyumba, unaokodishwa kwa mwenye kiwanda. Kufikia mwanzo wa karne ya 20 Manhattan ilikuwa imejaa majengo haya, maana ardhi ilikuwa ghali na biashara ya nguo zilizoshonwa tayari ilishamiri. Nguzo na mihimili ya chuma ilibeba sakafu, hivyo madirisha yakawa makubwa na mwanga ukawafikia washonaji. Lifti zilipandisha majora ya vitambaa.

Dari zilikuwa juu sana, na hilo lilikuwa na faida yake kwa tajiri. Sheria ilidai kila mfanyakazi apate futi za ujazo 250 za hewa, lakini haikusema hewa hiyo iwe wapi. Basi hata iliyo juu ya vichwa ilihesabiwa, na ukumbi uleule ukaruhusiwa watu wengi zaidi, cherehani zimebanana safu kwa safu.

Jengo la Asch, karibu na bustani ya Washington Square, lilichorwa na John Woolley na kukamilika mwaka 1901. Lina ghorofa 10, kimo cha futi 135, yaani kama mita 41, na sura yake ya nje, yenye mapambo ya terakota (udongo uliochomwa), inapendeza hadi leo. Mimi huvutiwa zaidi na yaliyofichwa na sura hiyo. Lingezidi futi 150, lingelazimika kuwa na sakafu za mawe au zege na madirisha ya fremu za chuma. Halikuzidi, kwa hiyo mbao zikatumika. Ngazi za ndani zilikuwa mbili tu. Ilipodaiwa ya tatu, ngazi ya chuma ya nje ikakubaliwa badala yake. Nayo ilishuka kwenye ua mwembamba wa nyuma na kuishia juu ya paa la kioo.

Liliitwa jengo lisiloshika moto. Tarehe 25 Machi 1911 moto ulianzia kwenye mabaki ya vitambaa chini ya meza ya wakataji, ghorofa ya 8, katika kiwanda cha blauzi cha Triangle kilichokuwa na ghorofa tatu za juu. Mlango mmoja wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Ngazi ya nje ilipinda, ikaporomoka na watu. Ngazi za zimamoto ziliishia ghorofa ya 6. Walikufa watu 146, wengi wao wasichana wahamiaji, Wayahudi na Waitaliano. Kuta na chuma vilibaki vimesimama: ahadi ya wajenzi ilihusu jengo, haikuwahusu waliomo.

Mwaka huohuo jimbo liliunda tume ya kuchunguza viwanda, na sheria zilizofuata zilidai milango ifunguke kuelekea nje na wafanyakazi wazoezwe kutoka moto unapozuka. Jengo lenyewe sasa ni mali ya Chuo Kikuu cha New York, na tangu 2023 ukutani pana kumbukumbu ya chuma yenye majina ya waliokufa.