Rubani wa Jeshi ni Afisa Kwanza: Dhana Zinazowapotosha Waombaji Nchini Kenya

Kila mara Wizara ya Ulinzi inapotangaza nafasi za kujiunga na Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF), wapo vijana wanaolipekua tangazo zima wakitafuta neno moja tu, rubani. Wengi wao walianza kuitamani kazi hiyo utotoni, walipoziona ndege za kivita zikipita kwa kishindo juu ya uwanja wa sherehe za Jamhuri. Tamaa hiyo haina ubaya wowote. Kinachowaponza ni maandalizi yaliyojengwa juu ya maneno ya mtaani, ambayo baadhi yake yalikuwa kweli zamani au ni kweli katika nchi nyingine, na mengine hayakupata kuwa kweli popote.

"Ninaomba kazi ya urubani"

Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine nyingi. Anayetaka kurusha ndege za jeshi huomba kwanza nafasi ya kadeti, yaani mwanafunzi wa uafisa, na jambo la kurusha ndege huamuliwa baadaye. Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka kadeti awe raia wa Kenya mwenye umri wa kati ya miaka 18 na 26, asiye na rekodi ya uhalifu, na aliyepata alama ya wastani isiyopungua B katika mtihani wa kumaliza sekondari, KCSE, pamoja na masharti ya masomo mahususi yanayotajwa katika kila tangazo. Wanaofaulu hupelekwa katika Chuo cha Kijeshi cha Kenya kilichoko Lanet, Nakuru, ambako wale wa nchi kavu, wa wanahewa na wa wanamaji hufunzwa pamoja: gwaride, silaha, usomaji wa ramani, uongozi na sheria za kijeshi. Afisa wa Jeshi la Wanahewa anayechaguliwa kwa ajili ya urubani huanza masomo ya kuruka baada ya hatua hiyo, kwanza katika ndege ndogo za mafunzo kama Grob 120A, kisha katika ndege zenye nguvu zaidi kulingana na uwezo wake na mahitaji ya jeshi.

Kutoelewa mpangilio huu huwagharimu watu kwa namna mbili. Kwanza, kijana mwenye alama nzuri huenda akasikia kwamba jeshi linaandikisha katika uwanja wa kaunti yao, akapanga foleni alfajiri pamoja na makurutu wa kawaida na kuchukuliwa. Ataishia katika shule ya makurutu ya Eldoret na kuwa askari wa cheo cha chini. Ni kazi ya heshima, lakini njia hiyo haielekei kwenye chumba cha rubani, kwani maombi ya ukadeti hutumwa kando, kwa utaratibu na tarehe zake. Pili, kuna anayefika mbele ya jopo la usaili akiwa amekariri kasi na silaha za kila ndege ya kivita duniani, ilhali hawezi kueleza kwa nini anataka kuwaongoza watu thelathini. Jopo humpima kama afisa mtarajiwa. Iwapo hawezi kuvumilia wazo la kulitumikia jeshi akiwa afisa wa uchukuzi au mwelekezaji wa safari za ndege, jibu lake litamfichua kabla hajalimaliza.

Kwa msomaji wa Tanzania utaratibu ni tofauti, ingawa kanuni ni ileile. Matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ya miaka ya karibuni yamekuwa yakisisitiza mwombaji awe amepitia mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, na uafisa hupatikana katika Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi cha Monduli, Arusha. Huko pia, uafisa hutangulia urubani.

"Ukivaa miwani, sahau"

Miwani huwatisha watu kuliko kasoro nyingine yoyote ya macho, hali si kasoro iliyo kubwa zaidi. Kiwango cha uoni kinachokubalika hutofautiana kati ya jeshi moja na jingine, na hata ndani ya jeshi moja hutofautiana kati ya anayeomba na rubani ambaye tayari amefuzu. Marubani wengi duniani huanza kuvaa miwani baada ya miaka kadhaa kazini na huendelea kuruka. Hivyo, asiyeona mbali kidogo asijifungie mlango mwenyewe. Aachie kazi hiyo madaktari wa jeshi.

Linalostahili kuogopwa zaidi ni upofu wa rangi, nao una hila kwa sababu mwenye nao mara nyingi hajui. Huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake, kwa kuwa jeni zinazohusika na kutambua nyekundu na kijani zimo katika kromosomu ya X, ambayo mwanamume anayo moja tu. Hautibiki kwa upasuaji wala kwa miwani. Na si kigezo kilichowekwa kwa ajili ya kusumbua watu. Rubani anayekaribia kutua usiku huona kando ya njia ya ndege taa nne zilizopangwa mstari: zikiwa mbili nyeupe na mbili nyekundu, anashuka kwa pembe sahihi, zote zikigeuka nyekundu, yuko chini mno na ardhi inamkaribia. Ndege inayokuja mbele yake ina taa nyekundu kwenye bawa la kushoto na ya kijani kwenye bawa la kulia, na kwa rangi hizo pekee hujua inaelekea upande gani. Redio ikikatika, mnara humwashia mwanga wa kijani au mwekundu kumwambia atue au asitue. Asiyezitofautisha rangi hizo anasoma ujumbe uliofutwa nusu.

Kipimo chake ni kile cha vitabu vyenye duara za vitone vya rangi na nambari iliyofichwa ndani, na mtaalamu wa macho hukifanya kwa dakika chache. Kwa maoni yangu, kila mwanafunzi wa sekondari anayewaza urubani angepaswa kukifanya mapema kabla ya kitu kingine chochote, ili asije akaijenga ndoto ya miaka sita juu ya jambo ambalo lingejulikana kwa mchana mmoja. Kuhusu upasuaji wa leza, ambao sasa unapatikana Nairobi, tahadhari ni moja: Jeshi la Anga la Marekani huukubali kwa masharti na baada ya muda wa kusubiri, lakini msimamo wa jeshi moja haulifungi jingine. Anayefikiria kufanyiwa aulizie kwanza kwa maandishi, kwa maana konea (utando angavu wa mbele ya jicho) ikishachongwa hairudi ilivyokuwa.

Vivyo hivyo, pumu, kifafa na selimundu (ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu) ni mambo ya kujua hali yako mapema. Angani hewa hupungua. Juu ya futi 10,000 hivi, rubani asiyepata oksijeni ya ziada huanza kuchelewa kufikiri bila yeye mwenyewe kutambua. Kumficha daktari historia ya ugonjwa ni kosa linaloweza kummaliza mtu kazini hata baada ya kufuzu.

"Lazima uwe pandikizi la mtu"

Urefu wa chini unaotajwa katika matangazo ya KDF ni mita 1.60, kimo ambacho hakimshangazi mtu yeyote. Wapima marubani huangalia zaidi vipimo vya mwili ulioketi: kimo kutoka kitini hadi utosini, urefu wa paja na ufiko wa mkono. Mwenye mapaja marefu kupita kiasi anaweza kuumia magoti vibaya kiti kinapomfyatua nje ya ndege wakati wa dharura, na mfupi mno huenda asifikie pedali au asione vyema mbele. Kwa hiyo mrefu naye aweza kukataliwa, jambo linalowashangaza wachezaji wa mpira wa kikapu.

Misuli nayo husifiwa kupita kiasi. Ndege ya kivita ikikata kona kali, mwili hubanwa kitini kwa nguvu inayopimwa kwa kizio kiitwacho G. Katika G saba, mtu wa kilo 60 huhisi uzito wa kilo 420, damu hukimbilia miguuni, macho huingiwa na giza, na asiyezoea huweza kuzirai. Rubani hujikinga kwa suruali maalumu inayojaa hewa na kuibana miguu, na kwa kukaza mapaja na tumbo huku akipumua kwa vipindi vifupi. Hii ni stadi inayofundishwa. Kifua kipana pekee hakisaidii.

Historia ya Kenya yenyewe ina kisa cha aina hii. Katika jaribio la mapinduzi la tarehe 1 Agosti 1982, waasi waliwalazimisha marubani wa kambi ya Nanyuki kuruka kwenda kulipua Ikulu na makao makuu ya kikosi cha polisi cha GSU, huku mmoja wa waasi akiketi nyuma katika mojawapo ya ndege kuhakikisha amri inatekelezwa. Inasimuliwa kwamba marubani walizungusha ndege kwa nguvu mpaka abiria huyo asiyezoea akalemewa, wakayatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya na kurejea. Mwenye bunduki hakuwa mwenye nguvu tena mara tu mwili wake ulipolemewa.

Jiandae, basi, kwa mbio za masafa ya kati, mazoezi ya miguu na tumbo, kuogelea na usingizi wa kutosha, badala ya vyuma vizito peke yake.

"Leseni ya Wilson itanivusha"

Wapo wazazi wanaouza shamba ili mtoto akasomee urubani wa kiraia katika uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, wakiamini kwamba jeshi litampokea kwa mikono miwili. Leseni ya rubani binafsi huhitaji kwa kawaida saa 40 hivi za kuruka, na kila saa hulipiwa pesa nyingi. Saa hizo humwonyesha kijana kama tumbo lake linastahimili anga, jambo lenye faida. Hata hivyo hazimwondolei umri, alama, vipimo vya afya wala Lanet, na jeshi humfundisha upya kwa njia yake. Fedha hizo zingefaa zaidi kwa kuimarisha hisabati, fizikia na Kiingereza, kwa kuwa lugha ya redio ni Kiingereza na mahesabu ya mafuta na upepo hayangoji.

"Wanawake hawapewi"

Mwaka 2024 Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuwa Kamanda wa Jeshi la Wanahewa la Kenya, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo. Yeye hakupandia ngazi ya urubani, na hilo lenyewe linathibitisha kwamba jeshi hilo ni zaidi ya marubani wake. Nafasi za ukadeti hutangazwa kwa jinsia zote. Sharti la ziada kwa wanawake ni kutokuwa wajawazito wakati wa kuandikishwa na wa mafunzo.

"Bila mtu wa kukushika mkono, hupenyi"

Sitadai kwamba hongo haijawahi kuonekana katika uandikishaji wa Kenya. Ninachosema ni kwamba kuitoa ni kamari mbaya. Sheria ya Hongo ya mwaka 2016 humtia hatiani mtoaji sawa na mpokeaji, na barua nyingi za kujiunga zinazouzwa ni ghushi, kwa hiyo familia hupoteza pesa na kijana hufikishwa kituo cha polisi badala ya chuo. Tena hakuna hongo inayoweza kumfanya asiyeona rangi azione zile taa nne.

"Miaka miwili jeshini, kisha Kenya Airways"

Mafunzo ya rubani wa kijeshi hugharimu serikali pesa nyingi, na kwa sababu hiyo afisa huwajibika kutumikia kwa muda uliowekwa. Marehemu Jenerali Francis Ogolla, aliyeingia jeshini miaka ya 1980 na kuzirusha ndege za kivita za F-5, alibaki hadi akawa Mkuu wa Majeshi mwaka 2023, akafariki akiwa kazini katika ajali ya helikopta tarehe 18 Aprili 2024. Wanaostaafu na kuhamia mashirika ya kiraia wapo, lakini mabawa ya kijeshi yanayovaliwa kifuani si leseni ya kiraia: Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya huwataka wathibitishe saa zao, wafanye mitihani yake na wapitie mafunzo ya aina ya ndege watakayoirusha.