Mbona simba dume wa Tsavo hana manyoya shingoni?

Hili swali tunaulizwa sana hapa Malindi, hasa na wale wanaopitia geti la Sala kuingia Tsavo Mashariki. Mtu ameona simba mkubwa, kichwa kizito, kifua kipana, lakini shingo tupu, sasa yule ni jike ama ni dume anaumwa? Si jike na wala haumwi. Ni dume mzima, kule wengi wako hivo, wengine wanaota vishungi kidogo kichwani na sharafa mashavuni basi, na hata hao wanaoota wanachelewa.

Sababu kubwa ni joto. Manyoya yanazuia joto la mwili lisitoke, na simba hatoi jasho mwili mzima kama sisi, anahema mdomo wazi na kulala kivulini. Hebu vaa koti la Limuru utembee Malindi mchana wa mwezi wa 3, halafu uje uniambie. Tsavo Mashariki ni chini, kukavu, jua kali. Panda mpaka mbuga ya Nairobi, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, utaona madume wenye manyoya yamejaa mpaka kifuani.

Wako wanaosema ni miiba ya Tsavo ndio inayoyang'oa. Mimi siipi uzito sana hiyo. Mwaka 2006 watafiti Marekani walitoa matokeo ya kupima simba wa bustani za wanyama za kwao, wanyama ambao hawajui kichaka cha miiba ni nini, na wale wa sehemu za baridi ndio walikuwa na manyoya marefu na mazito, yaani hali ya hewa peke yake ilieleza hadi karibu nusu ya tofauti. Miiba inaweza kupunguza kidogo, sawa, lakini sio yenyewe.

Sasa kama ni mzigo, mbona wengine wanayafuga? Hapa ndio pametamu. Kule Serengeti, watafiti Peyton West na Craig Packer waliweka simba wa sanamu porini, wengine manyoya meusi, wengine ya rangi hafifu, wakatoa matokeo 2002: majike walimwendea mweusi, madume wakamkwepa. Manake weusi unaonyesha dume amekula vizuri na homoni za kiume ziko juu, na ukimhasi simba manyoya yanapukutika. Lakini anailipia hiyo sifa, kwa sababu waliopimwa weusi walikuwa na joto zaidi mwilini na mbegu zenye kasoro nyingi zaidi. Kwa hivyo penye baridi dume anaweza kujidai, penye joto la Tsavo kujidai kunamuumiza.

Ukubwa ni hesabu nyingine. Wale wawili waliokula wajenzi wa reli Tsavo 1898, aliowaua mhandisi wa reli hiyo John Henry Patterson, hawakuwa na manyoya na mmoja alipimwa karibu mita 3 toka pua mpaka ncha ya mkia, basi watu wakashika kwamba simba wote wa Tsavo ni majitu. Tusipimie wawili tu. Mwili wa simba unategemea alikula nini akiwa mdogo, nyama ni nyingi ama ukame umemaliza mawindo, na pia nasaba yake. Dume wa Afrika Mashariki ana wastani wa kilo 175 hivi, wa Afrika Kusini anamzidi kidogo.

Ndugu zetu wafugaji wa kando ya mto Galana, hii inawahusu zaidi kuliko mtalii. Msiseme "ni jike" kwa kuangalia shingo tu. Angalieni upana wa kichwa, na akigeuka muangalie nyuma chini ya mkia, kwa mbali, na mkiwapigia KWS, wale wa shirika la wanyamapori, mseme mlichoona, manake dume mgeni anayepita njia na jike mwenye watoto karibu na boma hawashughulikiwi sawa.