Bab el-Mandeb na kontena la Hajji

Mwaka 2024 Hajji mmoja wa Kikuubo, muuza viatu wa jumla, alinikabili: “Mwalimu, wewe unayesomesha vita vya baharini hapa Kampala pasipo bahari, niambie. Mzigo wangu unatoka Guangzhou, haupiti kwa Wahuthi. Mbona nauli imepanda?”

Darasani sijaulizwa swali zuri hivyo.

Katika fani yetu, kuitawala bahari ni jambo moja, kumnyima mwenzako bahari ni jingine. Ukitaka kuitawala, lazima meli zako zipite salama kila siku. Ukitaka kumnyima mwenzako, mtie hofu tu. Bab el-Mandeb, Mlango wa Machozi kwa Kiarabu, ndio mlango wa kusini wa Bahari ya Shamu. Una upana wa kilomita 30 hivi, na Wahuthi, wapiganaji wa Yemen, wamekaa karibu yake. Novemba 2023 waliiteka meli ya Galaxy Leader kwa helikopta. Meli nyingine, Rubymar, waliipiga kombora, ikazama Machi 2024 na shehena yake ya mbolea. Marekani ilileta manowari zilizotungua droni za bei ya gari la mtumba kwa makombora ambayo baadhi yake huzidi dola milioni 1. Zilitungua nyingi, nakiri. Lakini mwenye kampuni ya bima anaitazama ile moja iliyopenya, na yeye ndiye humtoza mwenye meli.

Basi meli za Asia kwenda Ulaya zikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, siku 10 au zaidi za ziada. Makontena matupu yakachelewa kurudi China, na nafasi melini ikawa kama kiti cha basi la Mbarara mkesha wa Krismasi. Hapo Hajji alicheka. Nauli ya mkesha anaijua.

Na walinzi si haba. Djibouti ina kambi za Ufaransa, Marekani, Japani, Italia na, tangu 2017, China. Wajapani na Wachina walikuja kwa hoja ya maharamia wa Somalia, sasa wanachunguliana. China haikujiunga na muungano wa kulinda meli ulioundwa na Marekani Desemba 2023, nao Wahuthi walitangaza kuwa meli za China na Urusi hawazilengi.

Hajji akauliza atazame jeshi la nani ili ajue njia itafunguka lini. Nikamwambia atazame London, kwenye soko la bima za vita. Hakuonekana kuridhika.