Sehemu ya Elimu Si Historia ya Maisha Yako

Nimeletewa tena wasifu wa kuombea kazi (CV) wa mhandisi mwenye uzoefu wa miaka 12, na nusu nzima ya ukurasa wa kwanza imemezwa na elimu, kuanzia shule ya msingi hadi cheti cha mafunzo ya siku mbili ya kompyuta. Nilipouliza sababu, nilijibiwa kama ninavyojibiwa kila mara: elimu hukaa juu, na hakuna kinachoachwa. Sijui nani aliitunga kanuni hii, lakini waombaji wanaishika kama amri.

Mhitimu mpya aitangulize elimu, kwa kuwa hana kingine kizito zaidi cha kuonyesha. Aliyekwisha kufanya kazi miaka kadhaa aishushe chini ya uzoefu. Shahada ya juu kabisa huanza, nyingine hufuata kwa kurudi nyuma, na mwenye shahada hana haja ya kutaja shule ya msingi. Wasifu wa kazi za utafiti na ualimu wa chuo kikuu una utaratibu wake, na huko elimu hubaki juu hata kwa profesa.

Kinachonikera hasa ni masomo yasiyokamilika. Mtu huandika "Shahada ya Uhasibu, 2016–2018" ilhali aliacha chuo katika mwaka wa pili, kisha hujitetea kwamba hakuandika uongo popote. Ni kweli, kila neno katika mstari huo linaweza kutetewa. Lakini kila anayeusoma ataelewa kwamba mwombaji alihitimu, naye mwenyewe analijua hilo, ndiyo maana ameuacha hivyo. Siku mwajiri atakapokiuliza chuo, mwombaji hataonekana tena kama mtu aliyekatiza masomo, jambo ambalo wengi hulielewa, bali kama mdanganyifu. Andika waziwazi: "Masomo ya Shahada ya Uhasibu, 2016–2018 (hayakukamilika), nilifaulu ukaguzi wa hesabu na kodi." Anayetafuta karani wa hesabu ataona hapo kitu cha kumfaa. Anayeendelea kusoma naye ataje mwaka anaotarajia kuhitimu, asiuache mwaka wa kuanza ukining'inia peke yake.

Alama nazo zina mtego wake. GPA, yaani wastani wa alama za chuo, ya 3.6 ni ya kujivunia pale ambapo kiwango cha juu ni 4.0, kama ilivyozoeleka Marekani, lakini penye kiwango cha 5.0 ni habari nyingine kabisa. Basi andika 3.6/4.0. Ukishapata uzoefu wa kutosha, ifute.

Jambo ambalo bado linanitatiza ni mwaka wa kuhitimu. Wengi hushauri waombaji wenye umri mkubwa waufute ili wasibaguliwe, nami nimewahi kuwashauri hivyo, lakini msomaji mzoefu akikuta shahada isiyo na mwaka huanza kukisia umri papo hapo, na pengine akazidisha. Siku hizi namwachia mwombaji aamue mwenyewe, isipokuwa pale tangazo la kazi linapoutaka mwaka huo.