Sarafu moja ya Afrika Mashariki ikija, riba ya mkopo wako itakuwaje?

Wafanyabiashara wa hapa Kisumu, hasa wale wanavuka Busia kuleta mayai na mahindi, hutuuliza sana hii: tukiwa na sarafu moja, pesa yangu itapungua? Itifaki, yaani mkataba wa sarafu hiyo, ilisainiwa Kampala Novemba 2013, ikasemwa itaanza 2024, sasa imesukumwa hadi 2031, kwa hivyo muda wa kuelewana uko.

Pesa haipungui. Reti ya kubadilisha huwekwa mara moja na kufungwa. Kroatia waliingia yuro Januari 1, 2023 kwa reti ya 7.5345 za sarafu yao ya zamani, kuna, kwa yuro moja, na reti hiyo hiyo ikatumika kwa mshahara, akiba, deni, bei ya mkate. Namba zinakuwa ndogo pande zote. (Wenye maduka wakijiongezea kidogo wakizungusha bei, hiyo ni stori ingine.)

Kazi iko kwa riba. Anayekukopesha kwa pesa inayoweza kuanguka huongeza kitu cha kujikinga, na shilingi ilifika karibu 160 kwa dola mapema 2024 kabla irudi kwa 129 hivi, sasa nani hatajikinga? Lakini soko likishaamini reti imefungwa, tuseme huku riba ni 12% na kwa jirani ni 6%, watu watakopa kule waweke huku wakijua hakuna hasara ya kubadilisha, wakifanya hivyo wengi ile tofauti inakwisha. Ndio maana riba huanza kushuka hata kabla nchi haijaingia.

Na hapo ndipo Wagiriki walijikwaa. Waliingia 2001, serikali ikaanza kukopa kwa riba karibu sawa na ya Ujerumani, ikakopa tu, hadi soko likashtuka 2010 na sarafu ya kushusha thamani hawakuwa nayo. Uhispania nao, riba ya Frankfurt, yaani ya Benki Kuu ya Ulaya, ilikuwa ndogo sana kwa uchumi uliokuwa unachemka, nyumba zikajengwa kila mahali, na Benki Kuu yao haingeweza kupandisha.

Benki Kuu yetu Februari 2024 ilipandisha riba hadi 13% kuokoa shilingi. Ndani ya muungano uamuzi kama huo hautakuwa wa Nairobi peke yake. Kuna masharti kwanza: mfumuko wa bei usizidi 8%, nakisi ya bajeti 3% na deni 50% ya pato la taifa, na kwangu mimi hilo la deni ndilo litatutoa jasho, tuko juu yake tayari.

Kama unachukua mkopo wa miaka mingi saa hii, uliza kama riba imefungwa ama inafuata soko.