Kwa nini osprei hujenga juu ya nguzo ya umeme

Machi ikishaanza, simu yangu hailali. Kazi yangu ni kufuatilia ndege mbuai katika miji iliyo kusini mwa Ghuba ya Chesapeake, jimbo la Virginia, kuanzia Norfolk hadi Hampton, na mafundi wa umeme wa huku wanayo namba yangu. Malalamiko yao ni yaleyale: jana wameteremsha rundo la vijiti kutoka juu ya nguzo, leo asubuhi limerudi palepale.

Anayerudisha ni osprei, Pandion haliaetus kwa jina la kisayansi. Msimchanganye na furukombe wa Naivasha au Ziwa Victoria. Osprei ni mdogo kwake, hana uzito wa zaidi ya kilo mbili, na karibu hali kitu kingine isipokuwa samaki. Hujitupa majini miguu ikitangulia. Kidole chake cha nje hugeuka nyuma, nyayo zake zina vijiba vikali, na samaki anayeteleza hachomoki. Osprei wa Ulaya hufika pwani ya kwetu wakati wa kaskazi, na ukienda Mida, pale Watamu, unaweza kumwona ametua juu ya mkoko. Lakini hazalii huko. Mimi nimekulia Tanga nikimwona mgeni huyu kila mwaka, na kiota chake sikukiona mpaka nilipofika huku.

Watu huniuliza ndege wa porini anafuata nini mjini. Ukitazama kwa macho yake, swali linabadilika. Anachotaka ni kitu kirefu, kilicho wazi kileleni, karibu na maji ya kina kifupi, kwa sababu akipiga mbizi hazidi kama mita moja. Mabawa yake yakikunjuliwa hupita mita moja na nusu, na mara nyingi anatua akiwa na samaki au kijiti miguuni, kwa hiyo matawi yanamsumbua. Zamani alijenga juu ya mti mkavu uliovunjika kilele. Miti hiyo ilikatwa, ufuo ukajengwa nyumba, kisha tukasimika nguzo za umeme, alama za njia ya meli, minara ya simu na taa za viwanja vya michezo. Leo sehemu kubwa sana ya viota vya Chesapeake iko juu ya vitu vilivyojengwa na binadamu. Nguzo iliyosimama majini ina faida nyingine: rakuni, mwizi mkubwa wa mayai, hawezi kuifikia kwa urahisi.

Na kelele? Nimeona jike akiatamia kwa utulivu juu ya maegesho ya magari, malori yanapita chini yake kutwa. Jike mwingine kwenye kijito kimya anaruka mara tu mtumbwi mmoja unapokatiza. Wa kwanza ameyazoea yanayopita chini yake kila siku, wa pili hajazoea chochote.

Kiota chenyewe ni kazi ya wawili. Dume huleta vijiti, na vingi huvikwanyua mtini akiwa angali anaruka, kwa miguu. Jike ndiye mpangaji. Ndani hutandika nyasi, magamba ya miti na mwani, pamoja na chochote ambacho mji umekitupa: mifuko, vipande vya nyavu, mishipi ya kuvulia. Hapo ndipo roho yangu huniuma. Huko Montana, Erick Greene wa Chuo Kikuu cha Montana na wenzake wamekuwa wakiwaokoa makinda walionaswa miguu na kamba za plastiki za kufungia marobota ya majani makavu. Mimi sipandi kwenye kiota bila mkasi mfukoni. Mvuvi wa huku anayenisoma, mshipi uliokatika rudi nao nyumbani.

Turudi kwa mafundi. Hofu yao ni ya kweli. Kijiti kikavu hakipitishi umeme kirahisi, lakini mvua ikikilowesha nacho kimelala juu ya nyaya mbili, inatokea shoti, kiota kinawaka, mtaa unaingia gizani. Kuteremsha vijiti peke yake hakusaidii, maana osprei hushikamana na mahali. Dume na jike hupitisha baridi mbalimbali, wengi Amerika Kusini, na kinachowakutanisha tena ni kiota hichohicho. Yakishatagwa mayai, kwa kawaida matatu, katika Aprili, sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kulinda ndege wahamaji inakizuia kiota kuguswa bila kibali. Muda wa kufanya kazi ni wiki chache tu.

Dawa ninayoiamini ni kumpa nguzo iliyo bora kuliko ile: isiyo na waya, iliyo karibu, yenye jukwaa la mbao na sakafu ya wavu ili maji yapite, na vijiti vya zamani vikahamishiwa hapo. Urefu ndio unaoamua. Tuliwahi kuweka jukwaa lililokuwa chini kidogo kuliko nguzo ya umeme, na kwa wiki mbili wale wawili walilitumia kama meza ya kulia samaki huku wakiendelea kujenga kulekule kwenye waya. Tulipolipandisha likaipita ile nguzo, wakahamia.

Jamii hii ya ndege imeshawahi kuponea chupuchupu. DDT, dawa ya kuulia wadudu, ilifanya maganda ya mayai yawe membamba hadi kupasuka chini ya mama. Mtafiti Paul Spitzer alichukua mayai ya Chesapeake akayaweka kwenye viota vya jimbo la Connecticut, ambako mayai yalikuwa yakiharibika, yakaanguliwa, ikathibitika kwamba kasoro ilikuwa ndani ya mayai ya kule. Dawa hiyo ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972. Mwaka uliofuata Chesapeake ilikadiriwa kuwa na jozi 1,450, na tangu hapo zimeongezeka kufikia maelfu kadhaa.

Sasa tatizo limehamia majini. Mtafiti Bryan Watts, aliyefuatilia osprei wa Mobjack Bay, tawi la Ghuba ya Chesapeake, kwa miaka mingi, anasema kila jozi inahitaji kulea wastani wa kinda 1.15 kwa mwaka ili idadi isishuke, na huko viota viko chini sana ya hapo. Anaona chanzo ni upungufu wa menhadeni, samaki wa ukoo mmoja na dagaa papa. Wenye uvuvi wa viwandani wanapinga. Mimi naandika nilichokiona. Makinda wa osprei hawaanguliwi siku moja, na samaki wakiwa haba mkubwa hula kwanza. Wale wawili tuliowahamishia jukwaa walitotoa watatu. Niliporudi na gari lenye kikapu cha kuinulia mtu mwishoni mwa Juni, nguzo ilikuwa imara, vijiti vimepangwa vizuri, hakuna hata uzi mmoja wa plastiki. Kinda alikuwa mmoja, amelala kifudifudi kama wanavyofanya wakiona hatari, na kiotani hapakuwa na hata gamba la samaki.